Ford, Toyota na sare za shule

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo sitaandika juu ya lugha za programu wala simu mpya. Nataka tuzungumzie namna za kutengeneza bidhaa. Mtu wa biashara akitaka kuzalisha zaidi, wazo lake la kwanza huwa ni mashine kubwa, na la pili ni programu ya kuiambia mashine hiyo itengeneze nini. Mimi nasema kwa karakana nyingi za hapa kwetu yote mawili yasubiri. Kitu cha kwanza kuangalia ni ukubwa wa bunda.

Nitaeleza bunda ni nini, lakini kwanza mjue kwa nini jambo hili limenikaa kichwani. Nina mteja mmoja, mama mwenye karakana ya kushona sare za shule. Anataka nimwandikie programu ya kupanga uzalishaji: isome mauzo ya miaka iliyopita, itabiri shule zake zitahitaji mashati mangapi mwezi wa Januari, kisha iwagawie mafundi kazi kuanzia Agosti. Pamoja na programu hiyo, anataka kuchukua mkopo anunue mashine ya kukata tabaka nyingi za kitambaa kwa mpigo mmoja, na akodi stoo kubwa. Dhamana ya mkopo ni hati ya shamba lake. Malipo yangu nayo yangetoka kwenye mkopo huohuo, kwa hiyo mnaona, mtu wa kwanza kufaidika nikinyamaza ni mimi.

Haya, tuanze na Henry Ford, maana kila anayeota kiwanda huota cha Ford hata kama hajui. Zamani gari lilisimama mahali pamoja na mafundi wakalizunguka. Mnamo Oktoba 1913, katika kiwanda cha Highland Park karibu na Detroit, watu wa Ford walifunga kamba kwenye fremu ya gari wakaivuta taratibu, mafundi wakasimama kando, kila mmoja na kazi yake moja. Kuunganisha fremu hiyo kulikuwa kunachukua saa 12 na nusu hivi. Baada ya miezi michache ya kujaribu na kurekebisha, kukafika saa 1 na dakika 33. Model T ilianza kuuzwa 1908 kwa dola 850. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 bei ilikuwa chini ya dola 300.

Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo kila mtu anaijua. Isiyosemwa sana ni kwamba kabla ya kamba na mkanda kulikuwa na vipimo. Ford alihakikisha kila kipande kinaingia mahali pake bila mtu kushika tupa. Bila hilo mkanda haufai kitu, kwa sababu fundi mmoja akisimama kuchonga, wote walio nyuma yake wanasimama. Sisi hapa bado tuko kabla ya hapo. Nunua fremu ya mlango kwa fundi mmoja na mlango kwa mwingine, halafu uniambie kama hutaita wa tatu aje na randa. Kama kuna kitu cha kuiga kwa Ford, ni hicho, na bei yake ni kipande cha mbao kilichokatwa sawasawa kikatumiwa na kila mtu kama kigezo.

Jambo la pili ni kwamba mtambo wa Ford ulijua kutengeneza kitu kimoja tu. Kuanzia 1914 hadi 1925 Model T ilitoka kwa rangi nyeusi peke yake. Kazi yenyewe ilichosha kiasi kwamba mwaka 1913 wafanyakazi walikuwa wakiacha kwa maelfu na Ford akiandika wengine kila siku, mpaka Januari 1914 alipotangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ujira wa awali. Kisha General Motors wakaanza kuuza magari ya rangi mbalimbali, yanayobadilika kila mwaka, na kwa mkopo. Wateja wakahama. Mei 1927 Ford alisimamisha Model T baada ya magari milioni 15, na Model A haikutoka mpaka Desemba. Karibu nusu mwaka kiwanda kikubwa kuliko vyote kilikaa bila gari la kuuza, kwa sababu mashine zake zilijengwa kwa ajili ya gari ambalo watu walikuwa wamelichoka.

Turudi kwa mama wa sare. Karakana yake haina mkanda, lakini ina tabia za Ford. Fundi wa kwanza anashona kola, anazirundika, anafunga bunda. Wa pili anatia mikono, anafunga bunda. Mwingine pindo, mwingine vifungo, na wa mwisho anakagua na kupiga pasi. Ukiingia pale unaona vilima vya nguo nusu nusu na unafikiri hawa watu wana kazi nyingi kweli.

Ngoja tupige hesabu kama watu wa programu. Namba nimezirahisisha ili mtu aweze kuzifuata bila karatasi. Tuseme mafundi ni 5, kila hatua huchukua dakika 2 kwa shati moja, na bunda ni mashati 60. Fundi wa kwanza anamaliza bunda baada ya dakika 120. Wa pili naye 120, na kuendelea. Shati la kwanza kabisa linamalizika baada ya saa 8 na dakika 2. Sasa tuseme hakuna bunda, kila mtu akimaliza shati anampa jirani yake palepale. Shati la kwanza linatoka baada ya dakika 10.

Hapa wengi huruka na kusema, aha, njia ya pili ina kasi mara 48! Hapana. Ngoja. Karakana ikishapata moto, njia zote mbili hutoa mashati 30 kwa saa, kwa sababu katika zote mbili fundi wa mwisho anatoa shati moja kila dakika 2. Mtu akikuuzia njia ya Kijapani kwa kukuambia mafundi wako watashona mara kumi zaidi, anakudanganya.

Tofauti iko kwingine. Katika njia ya mabunda, wakati wowote kuna mashati kama 300 yaliyoanzwa na hayajamalizika: mabunda 5 ya 60. Katika njia ya moja moja ni mashati 5. Yale mengine 295 ni kitambaa kilicholipiwa huko Eastleigh, uzi umelipiwa, ujira wa kola umelipiwa, na hakuna hata moja linaloweza kuuzwa. Ndiyo maana mama anahitaji stoo, na kwa kiasi kikubwa ndiyo maana anahitaji mkopo. Anataka kuweka rehani shamba ili apate mahali pa kulaza nguo ambazo hazijaisha.

Halafu kuna makosa. Fundi wa kola amekosea kipimo asubuhi. Mkaguzi yuko mwisho wa mstari. Katika njia ya mabunda kosa linaonekana baada ya saa 8, na kufikia wakati huo kola 240 zimeshonwa vibaya. Katika njia ya moja moja ni 5. Sisi waandishi wa programu somo hili tumelipata kwa machozi: ukiandika kwa miezi sita bila kuunganisha kazi yako na ya wenzako, siku ya kuunganisha utaijua. Ukiunganisha kila siku, kosa ni la jana na bado unakumbuka ulichofanya.

Mtauliza, basi kwa nini watu hufunga mabunda makubwa? Si ujinga. Kubadilisha kazi huchukua muda. Ukitoka shati jeupe kwenda sketi ya rangi ya damu ya mzee, unabadilisha uzi juu na chini, pengine sindano, unajaribu kwenye kipande, unarekebisha mvuto. Ukishapoteza nusu saa hapo, unataka kushona 200 kabla ya kubadilisha tena. Ford naye ilikuwa hivyo hivyo, ila mashine zake zilikuwa na uzito wa nyumba.

Toyota walilitatua hili kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Mwaka 1950 kampuni ilikuwa karibu kufilisika, wafanyakazi waligoma, na mwanzilishi wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Soko la Japani lilikuwa dogo na lilitaka malori, teksi na magari madogo, kila aina kidogo kidogo. Pesa za kununua mashine moja kwa kila aina ya kipande hazikuwepo, wala za maghala. (Hali hiyo ina mtu isiyemkumbusha nyumbani?) Kwa hiyo walikazana kupunguza muda wa kubadilisha. Mhandisi Shigeo Shingo anasimulia jinsi katika Toyota kubadilisha umbo la shinikizo la tani 1,000 kulivyotoka saa 4 hadi dakika 3, mwishoni mwa miaka ya 1960. Siri kubwa haikuwepo: kila kinachoweza kutayarishwa mashine ikiwa bado inafanya kazi kitayarishwe wakati huo, na boliti za kuzungusha mara thelathini ziondolewe ziwekwe vibano. Katika karakana ya sare hiyo ni kusema bobini za rangi ya shule inayofuata ziwe zimejazwa na kupangwa kabla kazi ya sasa haijaisha.

Muda ukishapungua, bunda dogo halina hasara tena. Na hapo ndipo Taiichi Ohno, aliyejenga mfumo wa Toyota, alipochukua wazo la duka kuu la Marekani. Kwenye duka, mteja anachukua unga kwenye rafu, na mfanyakazi anajaza pengo lililobaki. Hakuna anayetabiri chochote. Rafu yenyewe ndiyo inayoagiza. Toyota wakaweka kadi, kanban, kwenye kila sanduku la vipuri: sanduku likitumika kadi inarudi nyuma, na ile kadi ndiyo ruhusa ya kutengeneza lingine. Bila kadi hutengenezi, hata kama umekaa bure. Hii ya mwisho ndiyo inayowauma wenye mali. Kumlipa mtu na kumwona amekaa! Lakini Ohno aliorodhesha aina saba za upotevu, na mbaya kuliko zote kwake ilikuwa kuzalisha kupita kiasi, kwa sababu huzaa zile nyingine zote. Kwa Kijapani upotevu huo huitwa muda. Ndiyo, muda, herufi kwa herufi kama neno letu. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani mtu amefanya utani.

Kitu kingine cha Toyota kina asili ya nguo, na watu wa cherehani wangepaswa kukijua kuliko watu wa magari. Baba yake Kiichiro, Sakichi Toyoda, alikuwa mtu wa mitambo ya kufuma. Mtambo wake wa 1924 ulijisimamisha wenyewe uzi ulipokatika, ili usifume mita nyingi za kitambaa kibovu huku mtu ameangalia kwingine. Haki za mtambo huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza mwaka 1929. Kwenye kiwanda cha magari wazo likawa kamba: mfanyakazi yeyote akiona kosa anavuta, msimamizi anakuja, na jambo lisipotatuliwa mstari unasimama.

Sasa jaribuni kuleta kamba hiyo kwetu. Mafundi wengi wa nguo hulipwa kwa kipande. Fundi wa kola hulipwa kwa kola, awe amemaliza au la yule wa mikono. Akisimama kusema kitambaa hiki kina kasoro, anajikata mshahara. Akimsaidia jirani aliyelemewa, anajikata mshahara. Kwa hiyo anarundika, na yuko sawa kabisa kurundika. Hakuna programu duniani itakayoondoa vile vilima kama malipo yenyewe yanalipia vilima. Mapendekezo yangu ni kwamba watano hao walipwe pamoja kwa shati lililokaguliwa na kupita, wagawane. Najua ugomvi utakaotokea juu ya nani mvivu. Ni ugomvi wa kweli na mwenye karakana atalazimika kuusimamia. Hata hivyo naona ni nafuu kuliko riba.

Na kabla mtu hajasema "wafanyakazi wetu si Wajapani", kuna kisa cha Fremont, California. General Motors walikuwa na kiwanda pale kilichosifika kwa utoro, migomo na magari mabovu. Walikifunga 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ushirika na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wafanyakazi wengi walikuwa walewale, wa chama kilekile. Magari yaliyotoka yakawa na ubora wa kulinganishwa na yale ya Japani. NUMMI ilifungwa 2010, lakini kwa robo karne ilijibu swali hilo.

Pingamizi zito ni lingine, na mama aliniambia mwenyewe: "Kijana wangu, mimi siuzi unga. Sare zinanunuliwa Januari. Nikingoja mzazi aingie ndipo nishone, atatoka." Ni kweli. Mahitaji ya mwaka mzima yakija katika wiki tatu, lazima kitu kiandaliwe mapema. Swali ni kitu gani, na hapo ndipo naipinga programu ya kutabiri kwa nguvu zangu zote.

Angalieni data ambayo ingesoma. Kwa sababu ya corona, Kidato cha Kwanza cha 2021 kiliingia shule Agosti, cha 2022 kikaingia Mei, cha 2023 kikaingia kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, cha 2024 katikati ya Januari. Januari 2025 hakikuingia kabisa, kwa kuwa KCPE ya mwisho ilikuwa 2023 na watoto wa mtaala mpya walikuwa bado Gredi ya 9. Gredi ya 10 ya kwanza ikaja Januari 2026, na shule nyingi za sekondari hazikujua zitapata wanafunzi wangapi mpaka walipopangiwa nafasi. Mnataka nichore mstari upitie nukta hizo? Nitauchora, tarakilishi haikatai, na utapendeza kwenye skrini. Yule mama angeuamini kwa sababu umetoka kwenye mashine, kisha angeshona kuanzia Agosti, kwa pesa za benki, sare zenye nembo ya shule moja ambazo shule nyingine haiwezi kuzivaa.

Benetton wa Italia walikutana na tatizo la aina hii kwenye sweta. Hawakujua rangi gani itapendwa msimu ujao. Badala ya kutabiri vizuri zaidi, sehemu ya sweta zao walizifuma kwa sufu isiyotiwa rangi, wakazitia rangi mwishoni, baada ya maduka kuonyesha kinachouzika. Mama wa sare anaweza kufanya hivyo bila mashine mpya. Shati jeupe ni jeupe kwa shule zote. Kaptura ya kijivu huvaliwa na shule nyingi. Hizo ashone mapema kwa amani, maana zisipouzika Januari zitauzika muhula wa pili. Nembo idariziwe mzazi akiwa amelipa, na sweta zenye mistari ya shule zishonwe kwa kadi: shule ina rafu ndogo, rafu ikipungua inajazwa. Sanduku hilo la kadi ni mbao na karatasi. Mimi sipati kitu hapo.

Sitaki mfikiri nawauzia Toyota kama dini. Njia ya kukaa na akiba ndogo hutegemea watu wanaokuletea malighafi. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliunguza kiwanda cha Aisin kilichowatengenezea Toyota valvu ndogo za breki. Akiba ilikuwa ya saa chache tu, na viwanda vya Toyota nchini Japani vikasimama kwa siku kadhaa. Baada ya tetemeko la Machi 2011 Toyota wenyewe waliwataka wauzaji wa vipande vya kielektroniki waweke akiba ya miezi, na hilo liliwasaidia uhaba ulipoanza mwanzoni mwa 2021, ingawa baadaye mwaka huo nao walipunguza uzalishaji. Hapa kwetu stima hupotea, na kontena la kitambaa linaweza kukwama Mombasa wiki mbili. Kwa hiyo kitambaa na uzi awe navyo vya kutosha, hata vya mwezi. Roli la kitambaa cheupe ni pesa zilizolala, lakini zimelala zikiwa bado zinaweza kuwa shati lolote. Likishakatwa kola 240 za kipimo kisicho sawa, basi.

Kuhusu ile mashine ya kukata: kukata kwa tabaka nyingi kuna maana yake, kwa sababu kutandika kitambaa ndiko kunakochukua muda, si kisu. Ila mashine ikikata ya wiki mbili kwa asubuhi moja, vilima vitahama tu kutoka mezani kwenda sakafuni. Akate ya kesho. Kwa kiasi hicho mkasi wa umeme wa mkononi unatosha, na hauhitaji hati ya shamba.

Programu moja niko tayari kumwandikia. Kila shati likianza kukatwa linapewa namba, na likiingia mfukoni mwa mteja namba inafungwa. Programu inaonyesha siku zilizopita katikati, na mashati mangapi yako njiani sasa hivi. Namba mbili tu kwenye skrini. Hiyo ni kazi ya jioni moja na sitamtoza. Anachongoja kuniambia ni kama bado anaitaka ile kubwa, maana benki wamempigia simu mara mbili wiki hii.